Kulala Mara Tatu

Kibuyu kilikuwa chini ya kitanda cha mama, nyuma ya sanduku la bati, kimefungwa kwa kipande cha kitenge kilichopauka. Ilikuwa siku ya tano baada ya mazishi, nami nilikuwa napanga vitu vyake, kazi ambayo simtakii hata adui yangu. Nilikuwa nimejikaza vizuri tu. Nguo nilizikunja, sare zake za unesi nilizikunja, miwani nikairudisha kwenye kasha lake, wala chozi halikunitoka. Halafu nikafungua kile kifuniko cha ngozi, nikanusa. Jamani! Moshi wa loirien, ule mzeituni wa porini ambao Wamasai huchoma kijinga chake wakasugulia ndani ya vibuyu, na chini yake harufu ya samli iliyokwisha miaka mingi. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, mimi mwanamke mwenye wajukuu, mpaka Deo akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

Deo ni mtoto wa kaka yangu. Alikuwa kibarazani anatafuta kwenye simu ndege ya kumrudisha kazini. Akanishika bega, akangoja nipenge kamasi, kisha, kwa kutojua la kusema, akanionyesha simu yake.

"Ona, Shangazi, kesho kutwa kuna nafasi. Kilimanjaro mpaka Dar saa moja na robo tu. Unakunywa soda, unatua."

"Na Karatu mpaka Sale, hiyo simu yako inasemaje?"

Akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. "Inazungukazunguka tu. Huko Sale kuna nini?"

"Kuna Naserian. Hajui kama bibi yako amefariki."

"Si tumpigie?"

"Habari kama hii haipigwi, inapelekwa. Kaa hapa nikueleze ni mbali gani."

Na ninyi wa rika langu, mliokulia zama ambazo redio moja ilisikilizwa na kijiji kizima, sogeeni. Haya mtayaelewa kuliko huyu mtoto.

Nyumbani kwetu Karatu kila mtu alikuwa na kipimo chake cha umbali. Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika, siku nyingi hayupo, na yeye alihesabu kwa pancha. Arusha ilikuwa pancha moja kiangazi na tatu masika, na Mbulu ilikuwa pancha moja na kusukuma. Bibi yangu, tuliyemwita Ama kama Wairaqw wanavyomwita bibi, alihesabu kwa mzigo. Kwake yeye Endabash ilikuwa mbali ukienda na debe la mahindi kichwani, na karibu ukirudi mikono mitupu. Ukimbishia kwamba njia ni ileile, anakutazama toka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, anakuuliza, "Wewe debe umewahi kulibeba?" Mama yangu alikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati. Alihesabu kwa uchungu wa wanawake: kuna vijiji unafika kabla mtoto hajatoka, na kuna vijiji unamkuta ameshapewa jina.

Na alikuwepo rubani, aliyehesabu kwa dakika. Mara moja kwa mwezi ndege ndogo ya madaktari ilitua kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya zahanati. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuswaga mbuzi na ndama watoke njiani, na kazi hiyo tuliigombania mpaka kutoana damu. Soksi ya upepo aliishona mama mwenyewe kwa mfuko wa unga. Rubani alikuwa Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, Kiswahili chake cha kuungaunga, na mimi nilimhusudu kupita kiasi. Akishuka tu namrukia na miji.

"Arusha?"

"Dakika thelathini na tano."

"Mwanza?"

"Saa moja, dakika arobaini."

"Ulaya?"

"Aa, kwa hii hapana. Hii itachoka."

Nilikwenda nayo kichwani hiyo miji na dakika zake, nikawatambia wenzangu shuleni kana kwamba nimefika kote. Ama pekee hakuvutwa na mambo hayo. Ndege ikipita juu alikuwa akiendelea kupepeta maharage yake, anasema, "Kitu kisichokanyaga chini kitajuaje kimefika?"

Sasa, majira ya baridi fulani, wakati ule ambao ukungu hushuka kutoka kreta ukakaa Karatu kama mgeni asiye na haya, alikuja Mzee Lekishoni. Ilikuwa alasiri, kesho yake ndege inatua. Nilikuwa nachezea mlangoni nikaona miguu kwanza, myeupe kwa vumbi mpaka magotini, na makatambuga ya matairi yaliyokatika kamba. Juu yake shuka, na fimbo, na uso wa mzee aliyechoka kuliko uso wowote niliokuwa nimeuona. Nilijua adabu ya Wamasai. Niliinamisha kichwa, naye akaniwekea kiganja utosini. Kiganja kile hakikuondoka haraka, kikakaa mpaka nikaanza kuona aibu.

Mama alimpa kigoda na uji. Hakuugusa uji. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, maneno machache, kila moja limewekwa mahali pake.

"Sista," akasema, "watoto wanaisha. Ni surua. Wanne wamekwenda. Mjukuu wangu Naserian alikuwa bado anapumua nilipotoka." Akaninyoshea kidole. "Ni kama huyu."

Mama akaacha kufunga bendeji aliyokuwa anafunga. "Boma lako liko wapi, mzee?"

"Huko chini, njia ya Sale. Tulihama kufuata majani. Nilisikia sokoni kwamba kwenu kunatua ndege yenye dawa."

"Ni mbali gani?"

"Ni kulala mara tatu."

Mama akainama, akauma mdomo. Nilijua anahesabu, na nilijua anahesabu nini. Mtoto aliyekuwa anapumua kabla ya kulala mara tatu. Na kesho ingekuwa mara nne.

Mimi nami nilikuwa nahesabu, ila hesabu yangu ilikuwa ya kwangu. Nilielewa hivi: huko kwa mzee huyu, kulala ni sehemu ya njia. Mtu akitaka kufika lazima alale mara tatu, kama vile ukitaka kuingia kanisani lazima upande zile ngazi. Ndege itaharakisha kutembea, sawa, lakini kulala kutakuwa palepale. Nani kakwambia ndege inapunguza usingizi? Na nikaona watu wazima wote hawajalifikiria jambo hili. Mama alipanga kumwomba rubani kesho yake ampeleke, nikasikia wanasema atarudi jioni, na hakuna aliyemfungia chakula hata kimoja! Nilikasirika. Nilikuwa mtoto wa hasira za karibu, na sijabadilika sana.

Asubuhi ile, Ama alipokwenda kukamua, nikaingia jikoni. Sufuria la viazi vitamu vya kuchemsha lilikuwa la chai ya nyumba nzima. Nikachukua vile vikubwa, nikachana kanga yangu iliyokwisha, nikafunga vifurushi vitatu. Kulala kwa kwanza, kulala kwa pili, kulala kwa tatu. Nikavitia kwenye kikapu cha mama, chini kabisa, juu nikafunika na sweta lake. Ama aliporudi akakuta viazi vidogo vitano vinaogelea.

"Wee Paskalina! Umekula au umepanda shamba?"

Nilipata kofi moja la mgongo, nikanyamaza. Jambo la mama yangu lilikuwa kubwa kuliko kofi.

Uwanjani kulikuwa na kazi nyingine. Rubani alikuwa ametandaza ramani juu ya bawa la ndege, mzee amesimama pembeni. "Boma lako hapa? Au hapa?" Mzee aliitazama karatasi ile kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya watoto wa jirani, akasema hamjui yeyote pale. Rubani akakuna shingo. Akamwambia mama mafuta aliyonayo ni ya kumpeleka na kuja kumchukua, basi. Wakianza kutafutatafuta porini, watarudi nusu ya njia na watoto hawajapata dawa. Kama mzee hawezi kuonyesha mahali kutoka juu, yeye hawezi kuruka.

"Ataonyesha," mama akasema.

"Amepanda ndege lini?"

"Na wewe umetembea lini?" Mama hakuwa mtu wa kupandisha sauti, ila alipoishusha watu walisogea. Akapakia boksi lake la barafu na sindano, akatia na chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, akamshika mzee mkono akampandisha kama bibi harusi. Mama yangu alikuwa hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Nilimwona akijisaini msalaba haraka haraka kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikapu. Mimi nilifurahi tu kwamba kikapu kimekwenda.

Yaliyotokea angani alituhadithia baadaye, na alituhadithia mara nyingi, kila mara kwa cheko lilelile.

Walipopanda juu ya msitu, mzee alitazama chini mara moja akajifunika shuka usoni. Mama akamfunua. "Mzee, tuelekee wapi?" Mzee akachungulia tena. "Sista, milima imelala," akasema. Na kweli, kutoka juu vilima vyote alivyovipanda na kuvishuka tangu ujana vilikuwa vimelala chini bapa kama ngozi iliyotandazwa kukauka. Hakukitambua hata kimoja. Rubani akageuka nyuma, akanyosha vidole kuulizia, kushoto au kulia? Mzee akatikisa kichwa. Mama naye kichefuchefu kilikuwa kimempanda, ametapikia kofia yake ya unesi, nyeupe, iliyopigwa pasi. Rubani akagonga kioo cha mafuta kwa ukucha.

Hapo ndipo mama akamshika mzee magoti yote mawili. "Achana na kutazama," akamwambia. "Fumba macho. Wewe umetoka kwangu asubuhi, umekunywa uji, umechukua fimbo yako. Unarudi nyumbani. Tembea, mzee. Nitembeze."

Mzee akafumba macho. Kisha miguu yake ikaanza kusogea, kidogo kidogo, pale pale chini ya kiti, na akaanza kutembea.

"Jua liko mkono wangu wa kulia," akasema. "Naingia msituni. Nasikia nyati, napita pembeni. Natoka kwenye majani ya wazi, baridi, nalala Nainokanoka. Nimeamka." Mama akatazama chini, akaona msitu unakatika na majani ya wazi yanaanza. Akamgonga rubani bega, akamwonyesha mbele. "Hapa kuna kijito," mzee akasema, kisha akanyamaza.

Wakangoja. Rubani akauliza kuna nini.

"Anapumzika," mama akasema.

"Anapumzika?"

"Hapo ndipo anapopumzika akifika majini. Anakunywa."

Na rubani yule, Mungu ambariki popote alipo, hakucheka. Akageuza ndege akazunguka mara moja juu ya kijito, polepole, mzee anywe. Mara ya pili mzee alipotaka kupumzika, mama alimwomba radhi, akamwambia leo ndege haina kiu, twende tu, naye akakubali. "Nashuka na bonde," akaendelea. "Nalala Naiyobi. Nimeamka. Mlima wa Mungu uko kuliani, unatoa moshi kidogo. Nashuka, nashuka, magoti yanauma. Joto. Vumbi. Nalala Malambo." Kila alipotaja mahali, mama alipatafuta chini akapaona, akaonyesha kwa kidole. Mtu mmoja alikuwa na miguu, mmoja macho, mmoja mabawa. Wakaenda hivyo, mpaka mzee akasema, "Sasa nasikia kengele," akafumbua macho, akaangalia nje kwa mara ya kwanza bila woga.

"Yule mweupe mwenye mgongo mwekundu," akasema, "ni wangu."

Walikuwa juu ya ng'ombe wake. Milima hakuitambua, lakini ng'ombe wake aliwatambua kutoka mawinguni, mmoja mmoja, akawataja majina. Dakika arobaini na mbili, rubani alisema. Hata leo nikikumbuka simulizi hiyo nasisimka mwili. Mzee yule alikuwa amebeba njia nzima mwilini mwake, na mama yangu ndiye aliyejua namna ya kumwomba aifungue.

Rubani alimshusha mama na dawa, akarudi Karatu kuhudumia kliniki, aje kumchukua jioni. Jioni ile ukungu ukashuka. Si ule wa kawaida, ule unaoinuka saa nne jua likikaza. Huu ulifunika kreta, ukafunika misitu, ukafunika hata soksi ya upepo, ukakataa kuondoka. Rubani akakwama kwetu. Jioni hiyo ya kwanza alikuwa anatoka nje kila baada ya kikombe cha chai kutazama mbingu. Ama naye anamfuata kwa macho.

"Si ulisema dakika arobaini?" akamuuliza.

"Ndiyo, mama. Dakika arobaini."

"Za lini?"

Maskini, akarudi nje kutazama mbingu. Siku ya pili Ama aliacha kumtania, akaanza kusali rozari. Baba alirudi na lori, akakaa kwenye kizingiti ameshika tama, na watu wakawa wanapita kutuuliza kwa zile sauti za chini zinazotisha kuliko kelele. Surua ile iliua watoto, na mama yangu alikuwa peke yake katikati yake, hakuna aliyejua kama dawa zimetosha, kama kuna maji, kama kuna chakula. Nyumba nzima roho ilikuwa juu.

Isipokuwa mimi. Mimi nilicheza rede. Mtu akiniuliza kama simwogopei mama, nashangaa. "Bado hajalala mara tatu," nawajibu. Walidhani sina akili, au nina moyo wa jiwe. Siku ya tatu jioni nikamwendea rubani, nikamwambia kwa upole kama mtu anayemwelekeza mgeni, "Kesho utamchukua. Leo analala ya mwisho." Akanitazama kwa muda mrefu na masikio yake mekundu.

Asubuhi ukungu ukainuka. Sitii chumvi, uliinuka ukaacha anga imeoshwa. Ndege ikaruka, na kabla Ama hajamaliza kupepeta ungo wa pili ikawa imerudi. Mama akashuka. Alikuwa amekonda kwa siku tatu kama aliyeugua mwezi, nywele zimejaa moshi, sare haina rangi tena. Kikapu hakuwa nacho. Ama akamkumbatia, baba akajifanya anakagua tairi la ndege. Mama akanitafuta kwa macho kati ya watoto wote.

"Paska. Nani alifunga vile viazi?"

Nikadhani kofi la pili linakuja. Nikakiri.

"Kwa nini vifurushi vitatu?"

"Kwa sababu ni kulala mara tatu."

Mama akapiga magoti palepale kwenye nyasi, akaniangalia tukiwa tumelingana. Akaniambia kwamba huko kiangazi kilikuwa kimekausha maziwa, yaliyopatikana yalikuwa ya wagonjwa, na yeye hakuthubutu kuomba hata funda moja. Usiku wa kwanza alifungua kikapu kuvaa sweta, akakuta kifurushi, akala akashukuru. Wa pili akala nusu. Watoto walikuwa wanapokea sindano na maji ya chumvi, mmoja baada ya mwingine wanafumbua macho, lakini Naserian alikuwa amejaa vidonda mdomoni. Maziwa anatema, uji anatema, amekauka kama kijiti. Usiku wa tatu mama alikuwa amekata tamaa naye. Akachukua kifurushi cha mwisho, akaponda kiazi kwa maji ya vuguvugu mpaka kikawa laini kama cha mtoto mchanga, akampaka kidogo ulimini kwa kidole. Mtoto akameza. Akampaka tena. Akameza tena. Alimlisha hivyo mpaka kiazi kikaisha, na asubuhi mtoto akaomba kingine.

"Ungefunga viwili," mama akasema, "sijui ningempa nini."

Nilijibu kwamba viwili nisingefunga, kwa kuwa hesabu ni tatu. Baba akacheka kicheko cha kulia. Mama hakucheka, alikuwa ameshika uso wangu kwa mikono inayonuka dawa na moshi, na sijawahi, tangu siku hiyo, kupendwa na mtu kwa namna ile.

Mvua zilinyesha, majani yakaota, mwaka ukageuka. Alasiri moja nikaona tena miguu ile mlangoni, na pembeni yake miguu midogo, yote minne myeupe kwa vumbi. Mzee Lekishoni alikuwa na kikapu cha mama mkononi. Pembeni alikuwa amesimama msichana wa kimo changu, shingoni shanga, jicho moja limebaki na wingu jeupe ambalo surua ilimwachia. Aliinamisha kichwa kwa Ama. Kisha akanitazama mimi kwa lile jicho zima, bila kupepesa, kama mtu anayehakikisha.

Ndani ya kikapu kulikuwa na kibuyu kimejaa samli. Kwetu sisi na kwao pia, chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Ama akashangilia, tayari ameshaonja kwa kidole. Halafu, kwa kuwa hawezi kunyamaza, "Lakini mzee, mbona umejitesa na mtoto wa watu? Ndege imekuja kwenu mara ngapi tangu hapo? Ungempa rubani kikapu, dakika arobaini kimefika."

Mzee akafikiri. "Ningempa, kikapu kingefika," akasema. "Mimi ningekuwa nyumbani." Kisha akamtazama mama. "Sista alikuja na dakika, kwa sababu mtoto alikuwa anakufa. Sasa hafi. Nimemleta na miguu yake auone umbali uliomjia."

Naserian hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kimasai. Tulikula ugali wa samli kutoka bakuli moja. Nikamwomba mzee amuulize walilala wapi. Akaonyesha vidole vitatu, akataja kwa sauti yake ndogo yenye mikwaruzo: Malambo, Naiyobi, Nainokanoka. Nikauliza, na leo je? Si itakuwa mara nne? Hesabu imeharibika! Mzee akacheka mpaka masikio yake yenye ndewe ndefu yakatikisika.

"Tatu ni za njia," akaniambia. "Ya nne ni ya mwenye nyumba."

Usiku huo Naserian alilala kwenye mkeka wangu, mgongo wake kwenye mgongo wangu. Na baada ya hapo, miaka yote, alikuja akaja tena, msichana, kisha mke wa mtu, kisha mama wa watoto wanaomwita mama yangu bibi.

Deo alikuwa amesahau simu mkononi mpaka imezima. Akajipangusa macho kwa kiwiko, akidhani sioni. "Bibi hakuwahi kunihadithia," akasema.

"Ulikuwa na haraka kila ulipokuja."

Akaimeza hiyo. Kisha akaanza kupanga, ndivyo alivyo. Siku hizi kuna gari, akasema, ukitoka alfajiri usiku uko huko, siku moja tu, atanikodia. Nikamwambia asante mwanangu, akodi. Magoti yangu hayawezi tena kwenda kwa miguu, sitadanganya mtu. Ila dereva aambiwe kabisa kwamba tutalala Nainokanoka, tutalala Naiyobi, tutalala Malambo. Nampelekea Naserian kifo cha mama yake. Hakistahili kumfikia kwa mbio.

Nikaenda jikoni kwa mama, nikachagua viazi vikubwa, nikabandika sufuria. Deo akanifuata akiwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili kama kichanga. Viazi vilipoiva akanitazama nachana kitenge kile kilichopauka, nafunga kimoja, nafunga cha pili, nafunga cha tatu. Viazi vilibaki sufuriani.

"Shangazi, funga na cha nne. Utafika umechoka, utakula nini?"

Nikampokea kibuyu, nikakijaza samli mpya mpaka shingoni, nikakitia kikapuni.

"Cha nne anacho Naserian," nikamwambia.